Debora mwamuzi, Isaya 3:12, na "wanawake wanyamaze": tunasomaje?

Mwanadarasa, Kondele: Wapendwa, darasa letu la Biblia limekwama. Debora ni nabii na mwamuzi (Waamuzi 4:4), lakini Isaya 3:12 inalalamikia wanawake kutawala. Paulo naye: 1 Wakorintho 11:5 wanahutubu, 14:34 wanyamaze!

Msomaji wa Nakuru: Ndugu, anza na Isaya. Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu. Herufi zilezile husomeka *nashim*, wanawake, au *noshim*, wadai wa madeni. Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, ilichukua wadai, na hilo linaoana na mstari wa 14 na 15, maskini wanaponyang'anywa. Hata ukibaki na "wanawake", ni maombolezo juu ya Yuda, si sheria.

Mama Kakamega: Kwa Paulo, kosa ni kuanzia 14:34. Rudi 14:28: mnena kwa lugha asiye na mfasiri anyamaze. 14:30: nabii mwenzake akifunuliwa, wa kwanza anyamaze. Kitenzi cha Kigiriki ni kilekile, *sigao*, mara tatu. Mbona manabii hatuwafungi mdomo maisha? Kigumu kweli ni 1 Timotheo 2:12, mwanamke asimtawale mwanamume. *Authentein*, neno la Kigiriki linalotafsiriwa "kutawala" hapo, limetokea hapo tu katika Agano Jipya lote, kwa hiyo wanaobishania maana yake wana sababu.

Mwanadarasa, Kondele: Asante mama. Na Athalia, malkia aliyetawala Yuda?

Msomaji wa Nakuru: 2 Wafalme 11. Alitawala miaka 6. Kosa lake ni kuua uzao wa kifalme. Aliyemficha Yoashi, mtoto wa mfalme aliyenusurika, ni Yehosheba, mwanamke vilevile.