Mafundi mnaovunja bolti zetu kisha mnasingizia "gari la zamani", mtuheshimu!

Wakuu, nina hasira. Nimepeleka Prado yangu ya 1998 gereji ifanyiwe alaimenti tu, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, maana matairi ya mbele yalikuwa yanalika upande wa ndani. Imerudi na bushi (kile kiungo cha mpira chenye bomba la chuma ndani) iliyoungua, bolti ya kuokoteza na bili ya kutisha. Fundi anasema, "Bosi, gari la zamani hili."

Wenye gari hizi mnajua bolti za alaimenti za wishboni ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, zinavyong'ang'ania. Magari mengi yametembea Japani kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, yakija huku yanalala Kigamboni kwenye upepo wa bahari. Kutu inajaa kati ya bolti na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Nati inafunguka vizuri, lakini ukizungusha bolti yenyewe, mpira unajinyonga kisha unairudisha pale pale. Fundi makini akiona hivyo anasimama. Huyu akaitwanga nyundo kwenye ncha bila hata kurudishia nati, meno yakapondeka, ikawa haitoki wala hairudi. Ndipo akawasha gesi, mpira unafuka moshi mweusi, na paipu ya breki iko hapo hapo!

Jamani, kutu inataka muda. Safisha kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Tumia spana ya boksi ya pembe 6, ya 12 inakula kichwa. Kaza kidogo, legeza kidogo, usilazimishe. Ikigoma kabisa inakatwa pande zote mbili za bushi, lakini mpigie kwanza mwenye gari anunue bolti na bushi mpya. Simu moja tu!

Kilichonichefua zaidi ni alichopachika. Bolti halisi ina kisahani ambacho bolti haipiti katikati yake, chenye alama za kurekebishia gurudumu. Nimeingia chini ya gari nikakuta bolti ya kawaida, kichwani imegongwa 4.8, alama ya uimara wa bolti. Hiyo inakatikia kwenye mvuto wa megapaskali 400 hivi, wakati hata 8.8 inafika 800. Ndiyo inashika gurudumu la mbele, na watoto wangu wanapanda humo!

Gari nimelipaki. Mwenye kujua duka hapa Dar lenye bolti halisi na visahani vyake, aseme. Na aliyewahi kudai gereji ikamlipa, alianzia wapi?