Naomba ushauri: jiko la mkaa chumbani, Lushoto

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa saba tunapanda Lushoto na watoto na mama mkwe, na baridi ya Usambara mnaijua. Mwenye nyumba anasema usiku atatuwekea jiko la mkaa chumbani, tuache dirisha wazi kidogo. Naogopa sana: kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu wala rangi, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Nimeomba mablanketi ya ziada, kakubali, lakini mama anataka moto.

Je, kuna aliyenunua hapa Dar kifaa cha betri cha kutambua hewa hiyo (siyo kile cha moshi), na alikipata duka gani? Na mama nimwambieje, bila kumvunjia heshima, kwamba jiko lisilale ndani?