MREJESHO: Yule mzee anayelala kibarazani kwetu

Wapendwa, niliwauliza nimsaidieje mzee anayelala kwenye kibaraza cha jengo letu, maana baadhi ya majirani walitaka afukuzwe. Mlinishauri nianze kwa salamu na kumuuliza jina. Nikafanya hivyo.

Siku ya tatu alifunguka mwenyewe. Kinachomkwamisha ni kitambulisho. Kiliibwa pamoja na begi lake akiwa usingizini. Bila hicho hapati kazi, hapangi chumba, hata kutibiwa ni shida. Na mimi muda wote nilikuwa nawaza blanketi tu! Kumbe sikuwa nimemuuliza anahitaji nini.

Jirani mmoja anamsindikiza kufuatilia kitambulisho kipya, mwingine amekubali anwani yake itumike. Wawili bado wamenuna. Niliwasomea Ibara ya 25 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, inayotaja makazi miongoni mwa haki za kila mtu. Mmoja alinyamaza, mwingine akaondoka.

Kitambulisho hakijatoka, na mzee bado analala palepale. Hilo linaniuma sana. Ila sasa akizidiwa usiku, anajua mlango wa kugonga.