Nabomoa ukuta wa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kibali cha nini?

Mama Chuno
Habari za jioni wanajamvi. Nyumba yetu ipo Chuno, hapa Mtwara. Marehemu mume wangu aliijenga kidogo kidogo kuanzia 1998. Sasa watoto wamenichangia, nataka niondoe ukuta kati ya sebule na chumba cha mbele pawe pamoja, na kule nyuma nimwage slabu ndogo ya zege juu ya kuta, ya kuwekea simtanki la lita 5000. Fundi yuko tayari, Jumatatu anaanza. Leo mwenyekiti wa mtaa kapita, kasema bila kibali cha ujenzi nisiguse kitu. Sijengi nyumba mpya, wala sitoki nje ya mipaka yangu hata hatua moja. Naomba mnieleweshe: mtu anaombaje ruhusa ya kubomoa ukuta wa ndani mwake?

Kijana wa Shangani
Mama, usiombe. Mimi niliomba kibali cha kuongeza chumba, ofisi siitaji. Leta ramani, nikaleta. Leta uthibitisho wa kiwanja, nikaleta. Rudi Jumanne. Jumanne mwenye kusaini yuko safarini. Nimezungushwa kuanzia kabla ya mfungo hadi embe zimeiva. Nikajenga. Hakuna aliyekuja kuuliza mpaka leo. Kibali ni cha kutukamua tu.

Nipo Kinyerezi
Kaka, maneno hayo hayo ndiyo yaliyoua watu Kariakoo 2023. Ghorofa lilikuwa limesimama vizuri, watu wakachimba chini kutafuta nafasi ya biashara. Ninyi huko kusini tatizo lenu nalijua, mimi mwenyewe nimezaliwa Lindi. Hela ya korosho ikiingia, kila mtu mhandisi. Oktoba mnabomoa, Machi mvua ikishika mnalia.

Mjomba wa Tandahimba
Korosho imeingiaje hapa? Mama kasema watoto wamemchangia, wewe umeona korosho. Hela ya korosho unaijua? Umewahi kupalilia? Umewahi kupulizia salfa ikakuingia machoni, ukapeleka magunia chama cha msingi, ukakaa unasubiri mnada? Mwaka 2018 bei ilitangazwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, na kuna wazee kijijini kwetu walisubiri malipo yao hadi mabua ya mahindi yakakauka shambani. Mtu akipata hela yake akaweka bati, unamcheka?

Nipo Kinyerezi
Sijamcheka mtu, mjomba. Nimesema watu wanajenga kwa pupa msimu ukifika. Hilo nalo uongo?

Mjomba wa Tandahimba
Wanajenga msimu ukifika kwa sababu ndipo hela ipo! Mwenye mshahara anajenga mwisho wa mwezi, mkulima anajenga mwisho wa mnada. Pupa iko wapi?

Dada wa Rahaleo
Jamani, Kariakoo ilikuwa 2024, siyo 2023. Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba. Nilikuwa Dar siku ile, nimefuata mzigo wa duka langu la Lindi, nilipanga nifike mtaa ule saa nne. Ghorofa nne zilishuka, watu wakawa wanaita kutoka chini kwa simu zao. Msiitaje kama hadithi ya kupigana nayo humu.

Nipo Kinyerezi
Pole sana dada. Nimekosea mwaka. Hoja yangu inabaki.

Kijana wa Shangani
Hoja gani? Lile lililoanguka Ijumaa Kuu ya 2013, pale pale Dar, likaua watu 36, si lilikuwa na kibali? Lilikuwa na karatasi zote. Karatasi haizuii zege.

Dada wa Rahaleo
Lilikuwa na kibali cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Hapo utalaumu kibali au aliyeongeza ghorofa juu yake?

Kijana wa Shangani
Nalaumu aliyetakiwa kwenda kuhesabu ghorofa asiende. Ndiyo ninachosema tangu mwanzo.

Fundi wa Ligula
Nimesoma nikataka nipite, nimeshindwa. "Kila mtu mhandisi." Mimi ni fundi wa mtaani, nimeanza kubeba zege nina miaka kumi na sita, sijawahi kujiita mhandisi. Lakini nyumba za mji huu tumejenga sisi, siyo watu wa Kinyerezi. Mhandisi mtu humuoni mpaka nyufa zianze.

Mama, nisikilize. Kupaka rangi, kubadilisha vigae, milango, masinki, hayo fanya tu. Ukuta ni habari nyingine. Chukua tochi upande darini. Ukikuta mbao za kenchi zimelalia kichwa cha huo ukuta, huo ukuta unabeba. Ukiutoa bila kuweka bimu, paa linakaa juu ya hewa. Halitaanguka siku hiyo, hilo ndilo linalodanganya watu. Litapinda taratibu, mlango wa chumbani utaanza kukwama, plasta itachora ufa wa mshazari kuanzia pembeni ya dirisha, mtasema ni joto.

Slabu ndiyo inanitisha zaidi. Chukulia mita 4 kwa 4, unene sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 2.4 za zege, karibu tani 6. Simtanki la lita 5000 likijaa ni tani 5 za maji. Jumla tani 11, juu ya kuta alizojenga marehemu kubeba bati. Msingi wake uliuona? Una nguzo? Na mchanga usikubali wa ufukweni hata ukipewa bure. Chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, nondo inavimba, zege linabanduka.

Mtoto wa Mikindani
Fundi, mbona majumba ya mawe huku Mikindani yamejengwa na watu wasiojua kibali wala tani, na yapo? Boma la Wajerumani lina tarehe 1895. Wazee walijua kazi.

Fundi wa Ligula
Walijua, na ndiyo maana kuta zao nene, matumbawe na chokaa, hawakuning'iniza tani 5 za maji kwenye tofali za inchi sita. Na hayo yaliyoanguka ukayaona magofu huyahesabu? Boma lenyewe lilikuwa limechakaa, likakarabatiwa. Unaona yaliyobaki tu.

Mtoto wa Mikindani
Magofu yameanguka kwa kuachwa, si kwa ujenzi mbaya. Usiwaseme wazee vibaya.

Fundi wa Ligula
Sijawasema vibaya, ndugu yangu. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa.

Dada wa Rahaleo
Tumrudie mama. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka ruhusa kabla ya kuendeleza ardhi mjini, na kubadili umbile la jengo kumo. Anayeitoa ni halmashauri, mwenyekiti wa mtaa kazi yake kukukumbusha tu. Nenda na ramani ya nyumba hata iliyochorwa upya, na karatasi za kiwanja.

Kijana wa Shangani
Tumeenda! Nimesema tumeenda! Mnamwambia mjane apange foleni miezi minane na paa likisubiri? Mnaongea kama ofisi ziko wazi usiku na mchana.

Mjomba wa Tandahimba
Hapo nakuunga mkono kijana. Na yule wa Kinyerezi bado hajaomba radhi kwa wakulima.

Nipo Kinyerezi
Mjomba, naomba radhi kwa neno la korosho. Baba yangu alikuwa na mikorosho Mtama, nimesomeshwa nayo. Nimesema vile kwa sababu nyumba yake ilipasuka baada ya sisi watoto kumjengea baraza ya zege juu ya ukuta wa udongo. Hela yetu, haraka yetu. Alilala nje masika nzima.

Mjomba wa Tandahimba
Pole mwanangu. Ungeanza na hilo.

Mama Chuno
Nimerudi. Mwanangu wa pili kapanda darini na tochi. Kenchi tatu zimelalia ule ukuta. Nimempigia fundi wangu nikamuuliza bimu ataweka ya nondo ngapi, akaniambia mama usiwe na wasiwasi, hatujawahi kuweka na hakuna iliyoanguka. Nimemwambia Jumatatu asije. Kesho nakwenda ofisini na ile ramani ya mume wangu, ipo kwenye sanduku, aliichora kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Wakinizungusha nitaandika hapa kila siku waliyonizungusha. Fundi wa Ligula, wakiniruhusu, mirunda ya kushikilia paa wakati bimu inamwagwa ninunue mingapi?

Fundi wa Ligula
Ishirini inatosha, mama. Minene, isiyopinda. Na tofali hata moja isitoke kabla sijafika kuangalia huo msingi. Kuangalia silipishi.

Kijana wa Shangani
Mama, ukifika dirishani nipigie nikusindikize. Ile ngazi naijua.