Mrejesho: injini kulipuka kupitia kabureta

Niliuliza kwa nini injini ya zamani ya silinda 4 hulipuka kupitia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ikipanda mlima. Tatizo ni kofia ya distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Ndani yake kuna mstari mweusi wa kaboni, mwembamba kama unywele, unaopitisha umeme, kutoka nguzo ya waya wa plagi 3 hadi ya 4. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, kwa hiyo cheche ya silinda 3 ilivuja kwenda 4, inayofuata, huku valvu ya kuingizia mchanganyiko ya 4 haijafunga kabisa. Moto ukarudi kwenye kabureta. Kukwangua kaboni hakutoshi, njia hujichora tena. Kofia na rota (kipande kinachozunguka ndani yake) mpya zimefungwa, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, ikapimwa upya, mpira wa vakyumu (bomba la mvuto wa hewa liendalo kwenye distributa) ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Milipuko imekwisha kabisa. Asanteni sana mliosisitiza umeme uangaliwe kabla ya kufungua kabureta!