Mjadala: Kichanga mzima apimwe sukari ya miezi mitatu?

Fundi Darubini (Mbeya mjini):
Wakuu, poleni na baridi. Jirani yangu huku Soweto kanionyesha majibu ya mwanawe wa miezi mitatu. Mtoto mzima kabisa, ananyonya, kilo zinapanda vizuri kwenye kadi ya kliniki. Walikwenda maabara moja ya binafsi kuangalia kundi la damu, wakashawishiwa waongeze HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Jibu: 3.8%, na pembeni mshale unaoangalia chini. Bibi mtu kaona mshale, kaanza kumpa mjukuu maji ya glukosi kwa kijiko. Mtoto wa miezi mitatu, ambaye mpaka afike miezi sita hatakiwi kupewa kitu zaidi ya ziwa la mama!

Mimi ni mtu wa maabara na msimamo wangu nauweka mezani mapema: kichanga mzima asipimwe HbA1c, hata ikiwa bure. Kipimo hiki kinaangalia sukari iliyojishika kwenye hemoglobini (ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) ya kikubwa, kwenye kipande chake kimoja kiitwacho mnyororo wa beta. Mtoto anazaliwa na hemoglobini ya tumboni, HbF, isiyo na mnyororo huo kabisa. Siku ya kuzaliwa HbF huwa kati ya asilimia 60 na 80 ya hemoglobini yake yote, halafu inapungua mwezi hadi mwezi. Tena chembe nyekundu za mtu mzima zinaishi siku kama 120, za mtoto mchanga 60 hadi 90 tu, kwa hiyo sukari haipati muda wa kujishika. Kuna na mashine ambazo zikikutana na HbF nyingi zinatoa namba ya ajabu, juu au chini, kutegemea zinavyopima. Ule mshale ulikuwa unatangaza umri wa mtoto, basi. Mwenye hoja ya kupinga karibu.

Mama Pacha (Tukuyu):
Kaka, nyie wa maabara mnaongea kirahisi. Mtoto wa dada yangu alitibiwa malaria, akarudishwa akatibiwa nimonia, kumbe ni kisukari. Mpaka wanagundua alikuwa amekauka, anapumua kama aliyekimbizwa. Angepimwa mapema tusingefika huko. Sasa mkituambia hiki nacho hakifai, mzazi abaki na nini?

Fundi Darubini:
Pole sana dada yangu. Alikuwa na umri gani?

Mama Pacha:
Miaka miwili na kidogo. Yupo, anachomwa insulini.

Fundi Darubini:
Tumshukuru Mungu. Lakini hebu fikiria: kisukari cha aina ya kwanza kwa mtoto mdogo kinaweza kulipuka ndani ya wiki chache. HbA1c ambayo angepimwa kliniki wakati wa chanjo ya surua ingerudi safi, mkaenda nyumbani mmetulia, na ugonjwa ungekuja vilevile. Kilichokosekana ni tone moja la damu kwenye mashine ya sukari siku ile ya kwanza alipoandikiwa dawa ya malaria. Mtoto mwenye dalili akisoma 11.1 mmol/L au zaidi, huyo ni wa kukimbizwa hospitali kubwa siku hiyohiyo, hakuna cha kusubiri majibu ya miezi mitatu.

Nesi wa Zamu (Mbeya):
Naunga mkono. Wodini kwetu hofu kubwa kwa mtoto mchanga ni sukari kushuka: aliyezaliwa na uzito mdogo, njiti, au mama yake ana kisukari. Huyo tunamtoboa kisigino, dakika haiishi una jibu, na tunahimiza anyonye ndani ya saa ya kwanza. Hapo HbA1c haina kazi.

Mama Pacha, shika na hizi dalili: mtoto anakojoa kupita kawaida, ana kiu isiyoisha, anakula lakini anakonda, fangasi za sehemu za siri zinarudi kila zikitibiwa, aliyekwishaacha kukojoa kitandani anaanza upya. Na wazee wetu walikuwa na yao: sisimizi wakijaa pale mtoto alipokojoa. Ukiona hayo usiondoke dirishani bila kusema "naomba apimwe sukari." Sema kwa sauti, hata tukikununia.

Mtafiti Mchovu (Iringa):
Kamwene. Fundi, umeenda mbali. Vipimo rejea, yaani namba za kawaida za kulinganishia majibu, tunavyotumia kwa vichanga vingi vimetoka Ulaya na Marekani. Bila kuwapima watoto wazima wa huku, tutajuaje kawaida yetu ni ipi? Ukisema wasipimwe, unatufungia mlango.

Fundi Darubini:
Mlango wa utafiti sijaufunga. Nendeni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mkapate kibali cha maadili, mama asaini akiwa ameelewa, mtumie mbinu inayotenganisha HbF, au mpime albumini (protini ya kwenye maji ya damu) iliyoshika sukari, ambayo haitegemei chembe nyekundu na inasimulia wiki mbili tatu za nyuma. Na huyo mama asitozwe hata shilingi. Ninachopinga ni kuuza dirishani.

Kijana wa Ziwani (Kyela):
Huku kwetu joto na mbu ni wa kwetu wenyewe. Malaria inavunja chembe nyekundu, selimundu (sikoseli) nayo inazivunja, na zote zinashusha HbA1c hata kwa mtoto mkubwa. Upungufu wa madini ya chuma unaipandisha. Mtoto wa Kyela anaweza kuwa na vyote vitatu. Sasa hiyo namba utaisomaje?

Mtafiti Mchovu:
Hoja nzuri, lakini kuna kichanga ambaye hamjamtaja. Kisukari kinachoanza kabla ya miezi sita mara nyingi ni cha kinasaba, tofauti na kile cha aina ya kwanza. Tangu 2006 inajulikana kwamba wengi wa wenye hitilafu kwenye jeni iitwayo KCNJ11 wanaweza kuachana na sindano na kutumia vidonge vya glibenklamidi, vilevile wanavyomeza wazee wetu wenye kisukari. Huyo tumwache?

Nesi wa Zamu:
Huyo si mtoto mzima, kaka, ni mgonjwa, na anakamatwa kwa sukari ya damu. Kisha damu yake ipelekwe kupimwa vinasaba. Maabara ya Exeter, Uingereza, imekuwa ikiwapima watoto wa namna hii kutoka nchi nyingi bila malipo.

Halafu wewe wa Iringa nikuchokoze kidogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano mkoani kwako wamedumaa, Njombe 50.4, wakati taifa zima ni 30. Mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi! Kibao cha kupima urefu kwenye zahanati nyingine kimeegeshewa maboksi. Tuanzie hapo.

Mtafiti Mchovu:
Umenipiga pabaya. Lakini udumavu haufuti swali langu la vipimo rejea, nabaki nalo.

Mama Pacha:
Mimi nimewaelewa, ila nani anazuia hizo maabara kuuza?

Fundi Darubini:
Kuna Bodi ya Maabara Binafsi inayosajili na kukagua. Mimi ningependa fomu ya HbA1c iulize umri, na aliye chini ya miezi sita akataliwe palepale.

Nesi wa Zamu:
Watamwandika ana mwaka mmoja.