Amenitajia muuaji nikiwa nimebakiza kurasa 30!

Mtoto wa Malindi:
Ndugu zangu, ninaandika mikono ikinitetemeka. Yule bwana wa barazani kwetu, ambaye sina haja ya kumtaja kwa sababu kutoka Darajani hadi Malindi hakuna hata paka asiyemjua, amenitajia muuaji.

Kitabu kinahusu wageni wanane wasiojuana, waliokwama katika nyumba ya pekee mlimani: theluji imeziba njia, simu imekatwa, na asubuhi mmoja wao amekutwa maiti kwenye ngazi. Hakuna aliyeingia wala aliyetoka, kwa hiyo aliyeua anakula nao meza moja na kuwapa pole. Asiyeijua theluji na ajifikirie yuko kisiwani Misali na watu saba asiowajua, bahari imechafuka, na hakuna chombo kinachothubutu kuja kuwachukua.

Nimekisoma siku 12. Nilichora vyumba vyote kwenye daftari, nikaandika kila mmoja alidai alikuwa wapi saa 4 za usiku, nikawa ninawafuta mmoja mmoja hadi wakabaki wawili. Wawili tu! Ndipo alipopita na kikombe chake cha kahawa, akainama begani kwangu, akaweka kidole kinachonata kashata juu ya jina, akasema, “Huyu ndiye.” Kisha akaenda zake kusali alasiri, kana kwamba hakuacha maiti ya pili pale barazani.

Mwandishi wa riwaya kama hii humwekea msomaji dalili zote mbele ya macho, na ufundi wake wote ni kumfanya azipite asizione. Sasa kila nikifungua ukurasa ninaona dalili tupu, kwa sababu ninaona kile kidole. Huko London kuna mchezo wa kuigiza wa watu waliozingirwa na theluji namna hii hii, ulioanza kuchezwa mwaka 1952, na kila unapomalizika watazamaji huombwa wasiitoboe siri ya muuaji. Wageni huombwa, wakaondoka na siri yao. Huyu wa kwetu hakuombwa lolote, wala hakuulizwa. Aliweka kidole juu ya jina!

Jirani wa Mkunazini:
Pole sana, ndugu yangu. Mimi alinishika mkono tukiwa hitimani, mbele ya wafiwa, akaniambia mwisho wa tamthilia niliyokuwa nikiifuatilia tangu Mfunguo Mosi. Nililia, na watu wakadhani ninamlilia marehemu.

Bi Mkubwa wa Wete:
Kosa ni lako, mwanangu. Kitabu cha mauaji husomwa chumbani, mlango umetiwa komeo. Wewe umekichukua ukakipeleka barazani, mahali ambapo posa hujulikana kabla bi harusi mwenyewe hajaambiwa, halafu unashangaa siri imetoka?

Mtoto wa Malindi:
Bi Mkubwa, shikamoo. Baraza hiyo ilijengwa na babu yangu, nami nimesoma hapo tangu niko skuli. Angesema kwa mdomo peke yake ningejitia kiziwi, lakini aliweka kidole juu ya jina.

Karafuu Mbichi:
Samahani, kitabu hicho ndicho ninachokisoma sasa, na nimefika ukurasa wa 140. Je, ni yule mwanamke aliyefika wa mwisho?

Mtoto wa Malindi:
Usiulize! Ondoka hapa ukasome.

Mpiga Bao:
Karafuu, endelea kusoma kwa raha zako. Si mwanamke.

Karafuu Mbichi:
Walikuwa wamebaki mwanamke na daktari!

Mtoto wa Malindi:
Mpiga Bao, wewe na yule bwana mmezaliwa tumbo moja.

Mwalimu Mstaafu:
Nyinyi mnalilia kutajiwa, na mimi ninaomba nitajiwe. Nilinunua nakala kuukuu ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, ile ya mwaka 1960 ambayo Muhammed Said Abdulla alimtoa humo mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, nikafika penye moto wa kisa nikakuta kurasa za mwisho zimeng’olewa. Mtu wa Makunduchi ametuandikia upelelezi kwa lugha yetu wenyewe, na sisi tunafungia karanga. Huu ni mwaka wa tatu sijui mwisho wake.

Mpiga Bao:
Mwalimu, mimi ninaujua. Aliyeua ni

Mwalimu Mstaafu:
Nyamaza! Ninautaka kutoka kitabuni.

Bi Mkubwa wa Wete:
Mwalimu, nakala nzima ninayo mimi, haijapungua hata karatasi. Lakini siiazimi bila amana, kwa sababu *Kisima cha Giningi* changu kilivuka kuja Unguja na mpaka leo hakijarudi.

Mwalimu Mstaafu:
Amana ninaituma leo, Bi Mkubwa. Kifunge kwa gazeti, ukitie kwenye boti ya Mkoani, nami nitakingoja mwenyewe bandarini.